Msitu Hauanzi na Mti

Haya niliyasema Jumamosi asubuhi huko Mikindani, chini ya mti wa mkungu, mbele ya watu wanaoanza kuchora kwa rangi za akriliki. Wengi walikwama shambani, wengine safarini, wakaniomba niwaandikie. Nimeandika kama yalivyotoka kinywani, pamoja na vicheko.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, shikamooni. Vijana, hamjambo? Na nyinyi watoto mliokaa mbele, mikono imeshajaa rangi kabla hatujaanza, nyinyi nawaogopa.

Mtwara!

(Kuchele!)

Sijasikia. Mtwara!

(Kuchele!)

Naam. Na nyinyi mliotoka Lindi na alfajiri, karibuni, kumekucha kwa wote.

Walionialika walinitaka nizungumze juu ya kuchora msitu. Nikawauliza, mmekosa mtu? Mimi ni fundi mabango. Miaka na miaka kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi na kuandika DUKA LA DAWA, SALUNI YA KIKE, TUNANUNUA KOROSHO. Herufi nilizijua zote, mti sikuujua hata mmoja. Miti nimeanza uzeeni, baada ya binti yangu kuniletea kutoka Dar es Salaam boksi la tyubu kumi na mbili za akriliki. Akaniambia, "Baba, sasa iache ngazi." Ngazi nikaiacha, nikaangukia msituni.

Kwa hiyo sikuja hapa kama bingwa. Nimekuja kama mtu aliyeharibu kanvasi nyingi, vile vitambaa vya kuchorea, na kosa lenyewe lilikuwa moja tu, nililirudia kila siku. Nilikuwa nachora miti. Naanza na mti mmoja, namaliza. Naweka wa pili pembeni yake, namaliza. Wa tatu, wa nne, nawapanga kama wanafunzi mstarini. Kisha narudi nyuma hatua tatu, naangalia. Miti ipo, msitu haupo.

Siku moja mjukuu wangu wa darasa la pili akasimama mbele ya kazi yangu ya wiki nzima. Mashina ya kahawia, juu madude ya kijani ya mviringo. Akaangalia, akaangalia, akasema, "Babu, hizi pipi za kijiti shilingi ngapi?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Sasa nimewaletea jambo lile alilonifungulia mtoto yule. Msitu hauanzi na mti. Unaanza na vilivyo katikati ya miti: hewa, giza, mwanga unaopenya. Mti wenyewe unakuja mwishoni, tena ukifika mwishoni mara nyingine unakuta hata hauhitajiki.

Lakini huwezi kwenda safari na mtu usiyemjua, basi tuanze na rangi yenyewe.

Hapa kuna seremala? Wewe kaka mwenye kofia. Ile gundi nyeupe ya mbao, ukiipaka inakuwaje? Nyeupe kama maziwa, ndiyo. Na ikikauka? Haionekani, inakuwa kama kioo. Basi akriliki ni ndugu wa gundi ile. Ni unga wa rangi ndani ya chembe za plastiki zilizotawanyika kwenye maji. Maji yakiruka, chembe zinashikana, zinakuwa ngozi moja, na unga wa rangi unanaswa humo ndani. Ikishakauka, mwaga ndoo nzima ya maji juu yake, hairudi kuwa uji. Na si rangi ya kale kama mnavyodhani. Hizi za kuchanganya na maji zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1950. Kuna wazee wamekaa hapa ni rika lake.

Ukishaelewa habari ya gundi, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Kwa nini mbingu uliyoipenda ikiwa mbichi inakuwa nzito kidogo ikikauka? Kwa sababu yale maziwa yaliyokuwa yanaing'arisha yamegeuka kioo. Kwa hiyo changanya rangi iwe nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, itakolea yenyewe. Kwa nini brashi iliyosahauliwa usiku mmoja inaamka mti mkavu? Kwa sababu umeitia plastiki mpaka kwenye shina la nywele. Mimi nimezika brashi saba. Saba! Ya nane nikaiwekea kopo lake la maji, na nikimaliza naiosha kwa sabuni ya kufulia mpaka povu litoke jeupe.

Na maji? Hapa nisikilizeni vizuri. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchoraji anayeanza hata hajasifiwa, keshatia maji! Anaogopa rangi itaisha, anaipooza, anaipooza, mpaka ile gundi inatawanyika na haina nguvu tena ya kushika unga. Ikikauka, ukipitisha kidole kinatoka na vumbi. Mama zangu mnaopika mtanielewa: kuna tui la kwanza na kuna tui la mwisho. Tabaka la chini kabisa, lile la kuua weupe wa kanvasi, liwe tui la mwisho, jepesi. Majani ya mbele, yale yanayopigwa na jua, yawe tui la kwanza, zito. Ukipikia chakula chote tui la mwisho, nani atakula?

Halafu kuna haraka. Sisi tumelelewa na haraka haraka haina baraka. Akriliki haikulelewa nyumba hiyo. Nilipokuwa mabangoni na rangi ya mafuta, naandika asubuhi, jioni mbuzi anapita anajikuna, anaondoka na herufi mbili za mteja. Akriliki kwa joto letu hili, na kusi ikivuma kutoka baharini, tabaka jembamba linakauka kabla hujamaliza kumjibu mtu salamu. Ukitaka kulainisha mpaka kati ya bluu na nyeupe mbinguni, unao muda mdogo sana, ukirudi kusugua baadaye unachuna ngozi. Dawa ni nini? Kaa upande usio na upepo. Tandika kitambaa kilicholowa kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea mikate, rangi uziweke juu ya karatasi hiyo, zitakaa mbichi asubuhi nzima. Na uwe na chupa ya kunyunyizia maji, ile ya wapiga pasi.

Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayomfaa anayeanza. Umekosea? Subiri kidogo, paka juu. Ukikosea tena, paka tena. Kosa la asubuhi saa nne linafunikwa. Pale nyumbani ninayo picha yenye misitu minne, mitatu imelala chini ya mmoja.

Mtu asiniambie hana vifaa. Jirani yetu wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya kung'arishia baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, hakuchora hata miaka mingi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Nunueni hadibodi, ikwangueni kwa msasa, ipakeni mara mbili rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani. Kwa mazoezi inatosha kabisa. Tyubu nunua sita: nyeupe, tena kubwa kwa sababu ndiyo inayokwisha kwanza, njano, nyekundu, bluu ya ultramarini, kahawia ya udongo uliochomwa, na nyeusi ndogo. Kijani usinunue. Nasema tena, kijani usinunue.

Mama mmoja pale ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Msitu bila kijani?

Haya, niambieni. Msitu una rangi gani?

(Kijani!)

Mmeona? Mmejibu kwa mdomo, macho hamkuyauliza. Nani kati yenu amepita na basi kutoka Masasi kwenda Tunduru mwezi wa Septemba mwishoni, au Oktoba, kabla ya mvua? Uliona nini dirishani? Miombo inachipua kabla hata tone halijaanguka, na majani yake machanga yanatoka mekundu. Mengine ya shaba, mengine kama mvinyo, mengine ya waridi kabisa. Kilomita na kilomita. Mtu anapita katikati ya msitu mwekundu, akifika nyumbani anaambiwa chora msitu, anachukua kijani. Na huna haja ya kwenda mbali. Ukirudi kwako tazama mkorosho wako unapochipua. Jani changa la mkorosho ni la kahawia-nyekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta.

Na shina? Nani aliwaambia shina ni kahawia? Kahawia ni rangi ya mlango. Nenda kasimame mbele ya mkorosho, weka kiganja chako pale, utaona kijivu, madoa meupe ya ukungu mkavu, na upande wa kivulini zambarau kidogo. Mbuyu nao ni kijivu, jioni unakuwa kama wa waridi. Shina la kahawia tupu nimeliona kwenye mabango yangu tu.

Sasa njooni mkaribie, nyinyi wa nyuma simameni. Hii hapa ni njano, ukubwa wa punje ya kunde. Hii ni nyeusi, kichwa cha njiti ya kiberiti, isizidi hapo. Nachanganya kwa kisu. Tazameni.

(Ee! Kijani!)

Kijani kimetoka wapi? Bluu sikuigusa. Hicho ndicho kijani cha majani yaliyochoka, kijani cha Julai, vumbi juu yake. Kwa msitu wetu wa kusini, nakuapieni, hicho kitafanya nusu ya kazi. Sasa njano na bluu: kimetoka kikali, kinapiga kelele kama jezi mpya. Nikimtia nyekundu kidogo, kidogo sana, kwa ncha, ananyamaza. Nyekundu ndiye anayemfunga kijani mdomo. Ukimzidishia unapata tope, tope nalo lina kazi yake, usilitupe, litakuwa kivuli.

Hiyo bluu ninayotumia mnaijua, ila mnaijua kwa jina lingine. Bibi yangu kule Lindi alikuwa na kibonge amekifunga kwenye kitambaa. Kila Alhamisi anafua kanzu ya babu kwa ajili ya Ijumaa, na maji ya mwisho anakitikisa kile kibonge ndani ya beseni, maji yanakuwa bluu kama bahari ya ndani, kanzu inatoka nyeupe inayoumiza macho. Buluu ya kufulia! Mimi mtoto niliwahi kuiba kidogo nikapaka ukuta wa jirani, nikachapwa pande zote mbili za ukuta. Miaka hamsini baadaye nakuja kujua kuwa unga ule ndio ultramarini ileile ya wachoraji. Zamani Ulaya bluu hii ilisagwa kutoka jiwe la lazuli lililochimbwa Afghanistan, bei yake ikashindana na dhahabu. Wafaransa wakatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa bei nafuu, na mwaka 1828 akaichukua mkemia Jean-Baptiste Guimet. Ndipo ikashuka, ikashuka, mpaka ikafika kwenye beseni la bibi yangu Lindi. Nami nilishachapwa kwa ajili yake.

Tuje kwenye hewa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Wakwe zangu wana mikorosho huko Newala. Mnajua kazi ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga, sina haja ya kuwafundisha watu wa Mtwara. Kuanzia mwezi wa tano hivi, mikorosho ikianza kutoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia umekosa msimu. Basi watu wanaamka usiku, pampu mgongoni, wanapuliza wakati umande bado upo juu ya majani, upepo umelala. Mimi mgongo hauruhusu pampu, kwa hiyo nilipewa kazi ya watoto: kupeleka chai.

Nikafika na birika langu kunapambazuka. Pampu zinanguruma huko ndani, watu hawaonekani. Salfa imesimama katikati ya mistari kama ukungu, ya njano-njano, haipandi wala haishuki. Nikasimama. Mkorosho wa kwanza, uliokuwa karibu yangu, ulikuwa karibu mweusi, naona kila tawi, naona hata siafu. Wa mstari wa pili ulikuwa kijivu-kijani, matawi naona, majani moja moja sioni. Wa tatu kama majivu, umbo tu. Wa nne? Wa nne nilijua upo kwa sababu nalijua shamba. Kulikuwa na kitu cheusi kuliko ukungu kidogo tu, kimeinama kama mtu anaswali.

Miti ile ni mbegu moja, umri mmoja, ilipandwa mwaka mmoja. Majani yake ni yaleyale. Kilichobadilika ni nini?

(Hewa!)

Hewa! Nikasimama pale birika mkononi mpaka shemeji akapiga kelele, "Chai inapoa, bwana, umeona jini?" Nikamwambia nimeona msitu.

Sasa msiseme, mzee, mimi sina salfa. Hewa tupu inafanya kazi hiyohiyo, polepole zaidi na kwa rangi nyingine. Siku hiyohiyo mchana nilikwenda Shimo la Mungu, pale Newala nyanda za juu zinapokatika ghafla. Mbele yako bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Karibu na miguu yako vichaka vya kijani kweli. Chini bondeni kijani kimepauka. Mbele zaidi bluu. Mwisho kabisa, pale ardhi inapokutana na mbingu, bluu nyepesi hata hujui kama ni kilima au wingu. Kule nako kuna miti ya kijani, nenda utaikuta. Lakini hewa iliyo katikati inatawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, na kadiri inavyokuwa nyingi kati yako na kilima ndivyo bluu inavyojaa machoni.

Kwa hiyo kazi yetu leo ni kuchora hewa, na tutaichora kutoka nyuma kuja mbele. Kwanza hadibodi yote ipake udongo mwekundu mwepesi, tui la mwisho, kahawia na tone la nyekundu. Mtashangaa kwa nini. Ni kwamba brashi haifiki kila mahali, na penye upenyo ni afadhali ichungulie ardhi ya Masasi kuliko weupe wa ukuta. Iache ikauke. Kisha mbingu: nyeupe nyingi, bluu kidogo, na chini karibu na ardhi nyeupe zaidi, hata njano ukipenda, kwa sababu mbingu yetu asubuhi haikolei chini. Kabla haijakauka vizuri, chukua rangi hiyohiyo ya mbingu, iongezee bluu na alama tu ya kijani, piga utepe wa msitu wa mbali. Usichore mti! Utepe tu, juu uwe na mabonde-mabonde. Ongeza kijani na tope kidogo, piga utepe wa pili mbele yake, mkubwa kidogo, mzito kidogo. Kisha wa tatu. Kila utepe unaanzia kwenye sahani na rangi ya ule wa nyuma yake, ndiyo maana vinafanana kama ndugu.

Mkifika hapo, simameni, rudini nyuma hatua tatu. Mtaona msitu. Na mti hata mmoja hamjachora.

Kuna watu wakifika hapo wanaingiza twiga. Jamani. Kila msitu twiga, kila jua linazama, nyuma Kilimanjaro! Ukisimama kwenye msitu wa Rondo, kule Lindi, asubuhi ya ukungu, mivule imekwenda juu, ndani kuna komba mdogo sana anayeitwa kwa jina la Rondo yenyewe, viumbe wachache mno waliobaki, nawe huwezi hata kumwona, unasikia tu sauti. Huyo hachoreki, na msitu unamhesabu. Waachieni twiga wenye twiga.

Limebaki giza, na hili nililipata kwa mjomba wangu, ila nilichelewa kulielewa. Mjomba alikuwa mchongaji wa vinyago. Alichonga mpingo: ganda la nje jeupe analitupa, moyo mweusi ndio mali. Alipenda zile nguzo za ujamaa, watu wamepandana, huyu kambeba yule, mikono imesukana. Kila baada ya muda anakiinua kinyago kuelekea jua, anafumba jicho moja, anachungulia kwenye matundu. Si kwenye nyuso, kwenye matundu. Mimi kijana nikamuuliza, "Mjomba, unatafuta nini humo?" Akasema, "Natazama nilichotoa."

Nikadhani ni maneno ya wazee. Kumbe alikuwa ananifundisha kuchora mkorosho. Tazameni hata huu mkungu uliotufunika. Mnaona majani? Mimi naona vipande vya mbingu vilivyokatwa na majani. Ukivichora vipande hivyo, majani yanajichora. Kwa hiyo mbele ya picha yako usianze na jani, anza na giza. Bluu, kahawia, nyekundu kidogo, ukivichanganya unapata weusi wenye joto, bora kuliko nyeusi ya tyubu. Ubandike kama wingu kubwa lisilo na umbo zuri, chini lifike ardhini kwa sababu mkorosho unaburuza matawi. Hapo pipi ya kijiti haizaliki tena, maana kijiti hakipo. Likikauka, chukua kijani cha kati, gusa pale mwanga unapofika tu. Halafu kijani chenye njano, upande mmoja tu, ule wa jua. Jua letu ni moja. Nimewahi kuchora msitu wenye majua matatu, fundi mwenzangu akaniuliza ni sayari gani.

Majani yote hayo kwa brashi yatakumaliza mkono. Tumia dodoki. Ndiyo, dodoki la kuogea, lililokauka. Kata kipande kama kiganja cha mtoto, chovya, gongagonga kwanza kwenye gazeti ili litoe ziada, kisha gusa kanvasi na kuinua, gusa na kuinua, huku unazungusha kifundo cha mkono ili alama zisifanane. Usilisugue. Ukisugua unaosha sufuria.

Mwisho kabisa, brashi nyembamba, fungua matundu ya mbingu ndani ya giza. Machache. Na rangi yake iwe nzito kidogo kuliko mbingu ya wazi, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo unapungua nguvu. Ukiweka nyeupe tupu, utadhani kuna taa za harusi mtini. Ukiwa na hamu sana ya shina, basi vuta shina moja, mawili, ya kijivu, yapotee ndani ya majani na kutokea tena juu. Shina halionekani lote, ukiliona lote ni nguzo ya umeme.

Neno dogo la usafiri, kwa sababu kuna watakaotaka kupeleka kazi zao Dar es Salaam. Mimi nilizipeleka mbili, nimemaliza jana yake, nikazifunga uso kwa uso zisichafuke, nikaziweka chini ya mizigo kwenye basi. Mnalijua joto la buti la basi. Akriliki ni plastiki, na plastiki ikipata joto inalainika. Nafika, nafungua, zimekuwa kitu kimoja kama mikate iliyopakwa siagi. Kuzibandua, msitu wa huku umehamia kule na mbingu ya kule imehamia huku. Mteja alizitazama kwa heshima, akaniuliza kama ni mtindo mpya. Kwa hiyo ziache zikauke siku kadhaa, na mgongo wa moja ukae na mgongo wa nyingine, kwenye pembe wekeni vipande vya katoni nene ili nyuso zisiguse kitu.

Haya. Kivuli cha mkungu kimeshahamia upande wa bahari, mliokaa upande wa jua sogeeni kivulini msije mkakaushiwa rangi. Hadibodi zenu zimepakwa udongo tangu jana, guseni, ni kavu. Madodoki yako kwenye ungo, kila mtu kipande kimoja, watoto msigombanie. Nyeupe nitagawa mwenyewe kwa kijiko. Nani anayeshika chupa ya kunyunyizia? Wewe binti, njoo. Tunaanza na mbingu.